Baba Kafa Tena Leo Asubuhi

Jumamosi, Tibirinzi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikapumzika adhuhuri, sasa imerudi inapiga bati. Magoti yangu yana tope lililokauka, sijaoga, na nina hasira ambayo sikumbuki kuwa nayo tangu nizaliwe. Naandika kabla haijapoa, maana najijua: ikipoa nitaanza kuwatafutia watu udhuru.

Kwa mgeni wa ukurasa huu, asubuhi mimi ni mwalimu wa chekechea, na jioni ni mmoja wa kikundi cha maigizo kinachofanya mazoezi katika chumba kimoja karibu na uwanja wa Gombani. Maigizo yetu hayana maneno. Tunasema kwa mgongo, kwa magoti, kwa pumzi. Wapo wanaotuita wendawazimu. Jirani yangu mmoja aliniuliza kwa heshima zote kama mwanamke mzima hana la kufanya isipokuwa kujinyonganyonga kama aliyekanyaga siafu. Nikamjibu kwamba siafu wa kweli wananing'ata zaidi nikiwa nimetulia.

Mwaka huu tuliamua kuigiza kusahau. Si kule kusahau ufunguo au chumvi. Ni kule kusahau kunakomchukua mtu kidogo kidogo mbele ya macho ya wanawe, mpaka wanabaki na mwili wa mzazi wao na mwenyewe hayupo. Wazo nililileta mimi, kwa sababu ya mama.

Mama yangu, Bi Rukia, alikuwa akiishi Kengeja kwa kaka yangu mkubwa. Kaka nitamwita Faki. Si jina lake, lakini Kengeja si kubwa hivyo. Atakayemjua atamjua, na yeye mwenyewe akisoma, asome.

Baba alifariki miaka sita iliyopita. Mama akamkalia eda kama inavyotakiwa, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila manukato, bila wanja, bila kutoka ila kwa dharura. Akamaliza, akatolewa, akarudi kwenye mihogo yake. Kusahau kulianza baadaye. Yalianza kumpotea majina ya wajukuu, ikafuata njia ya shamba, kisha akawa hajui mwaka gani huu.

Watu wakasema wanayosema watu. Amezeeka tu. Amechezewa. Ana kitu kichwani, kipungwe, yaani pepo. Daktari alitueleza kwamba ni maradhi ya ubongo, hayana dawa ya kuyaondoa, ila mgonjwa asemeshwe kwa upole na aachwe atembee akiwa na mtu pembeni. Tulikuwa wawili mbele ya daktari yule, mimi na Faki. Wote tuna masikio.

Kila nikipata nafasi Ijumaa nilikwenda Kengeja. Na kila nikienda nilimkuta mama pale pale, chumbani juu ya mkeka. Miguu ameinyoosha, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi, mikono imelala mapajani viganja juu, uso ameuelekeza ukutani. Nikimpelekea asumini, anaisogeza mbali kwa kidole kimoja. Nikitaka kumpaka mafuta yanayonukia, anatikisa kichwa. Nikimwambia tutoke barazani tupunge upepo, ananitazama kama nimemtukana.

Nilidhani ni maradhi.

Mkao ule niliuchukua nikaupeleka Gombani. Niliufanyia kazi wiki nyingi, mpaka mgongo wangu ukajua kuinama kama mgongo wake. Mwalimu wetu, dada aliyekuja kutoka Unguja kutufundisha, alinitazama, halafu akasema huo ndio moyo wa mchezo wetu, mwanamke aliyesahau anachokingoja lakini bado anangoja. Wenzangu wakanipigia makofi. Nilifurahi, sifichi.

Leo tulikuwa na onyesho huko huko Kengeja, katika uwanja wa skuli, baada ya alasiri. Gari la kikundi liliondoka mapema ili mvua isitukwamishe njiani, nikashuka kwa Faki asubuhi bila kumpigia simu. Sikuwa na nia ya kumvizia mtu. Nilitaka chai ya wifi yangu Zuhura, mke wa Faki, na nilitaka kumwona mama.

Nilifika upenuni, nikavua viatu, sijapiga hodi. Mlango ulikuwa wazi. Mama amesimama. Sikuwa nimemwona mama amesimama kwa muda mrefu, nikabaki na kiatu kimoja mkononi. Amejifunga kanga kiunoni, ana pakacha, na uso wake una shughuli, uso wake wa zamani, wa mtu aliyechelewa kwenda shamba. Anaelekea mlangoni. Faki amesimama mbele yake. Hakumgusa. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya upole hasa:

"Mama, wenda wapi? Baba kafa. Kafa jana. Weye umo edani."

Nitaandika nilichokiona, kwa kuwa ndiyo kazi niliyofundishwa, kutazama mwili. Vidole viliachia pakacha kwanza. Kidevu kikashuka. Mkono mmoja ukatafuta ukuta nyuma yake, ukaupata, na magoti yakakunjika taratibu. Hakupiga kelele. Alisema "Inna lillahi" kwa sauti ndogo, kisha akauliza, "Keshazikwa?" Faki akamjibu kwamba keshazikwa. Mama akaketi kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akavuta kanga mpaka kwenye nyusi, akageuza viganja juu, akaelekea ukutani.

Mkao wangu huo. Ule niliopigiwa makofi.

Kumbe mama hakuwa akingoja kitu. Mama alikuwa akimkalia eda mume aliyekufa miaka sita iliyopita, na kaka yangu ndiye anayemfisha baba kila asubuhi.

Nilimvuta Faki uani. Hakukana. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na changu leo kilikuwa kimevaa kanzu iliyopigwa pasi. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemwelewesha mtoto. Mwaka jana mama alipotea, akakutwa Mtambile na kanga moja mwilini, anauliza njia ya Kengeja naye ameiacha nyuma yake. Watu wakamrudisha, na wakamcheka yeye Faki. Wako wanaowafunga wazee wao kwa kamba, akasema. Wako wanaotia kufuli. Yeye hajamfunga mama. Yeye amemwambia lililo kweli.

"Kwani baba hajafa?"

"Kafa lini, kaka?"

"Hiyo lini yamhusu nini yeye?"

Nimelirudia swali hilo kichwani siku nzima, na kila nikilirudia damu inanichemka. Eda ni ibada. Iliwekwa ili mwanamke apewe muda wake, aheshimiwe, asisumbuliwe na mtu. Kaka yangu ameichukua akaifanya kufuli, na uovu wenyewe ni kwamba kufuli hilo mama analifunga kwa mkono wake, kwa kumcha kwake Mungu. Yeye Faki hana kazi ila kusema neno moja asubuhi, akaenda zake dukani. Ikifika siku mama akasahau kwamba ni mjane, anakumbushwa. Na mtaa mzima unamsifu. Mama yake Faki ametulia, haonekani njiani, mashaallah, mtoto anajua kutunza.

Ametulia! Mwanamke anafiwa na mumewe kila siku ya Mungu, nyinyi mnaona ametulia!

Mwambieni mtu mara moja tu kwamba kafiwa na mumewe, mwone itakavyomfanya. Sasa mwambieni kesho. Mwambieni na keshokutwa. Huyu hata ile nafuu ya kuzoea ameikosa, maana kuzoea kunataka kumbukumbu. Kila siku ni habari mpya, kila siku ni jana alipokufa.

Zuhura alikuwa jikoni anasikia yote. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na mwosha wa nyumba ile ni yeye. Ndiye anayemwogesha mama, ndiye anayemlisha, ndiye anayefua shuka. Siwezi kumsema vibaya. Aliniambia huku akipuliza moto, bila kuinua uso:

"Siku nyengine hulia mpaka adhuhuri. Halafu husahau alilialo, akawa alia tu."

Akasema alishamwomba mumewe aache, si mara moja, akajibiwa kwamba yeye kaja kuolewa tu pale, asimfundishe mtu kumtunza mamake. Alinimiminia chai. Ilipoa pale pale, sikuinywa.

Nilikaa na mama mkekani mpaka karibu na alasiri. Jambo lililonimaliza ni hili: alinipa pole. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia nimepoteza baba mwema, nisubiri, ndiyo dunia. Ananifariji mimi. Nikaipokea pole. Ningefanya nini?

Mwalimu wetu hapendi tubadilishe mchezo siku ya onyesho. Leo sikumwomba ruhusa. Nilimvuta Omar, mwenzangu anayeigiza mume, mpaka nyuma ya madarasa. Nikamwambia akiniona nasimama kwenda mlangoni, aje aninong'oneze sikioni, kisha aondoke. Akauliza aninong'oneze nini. Chochote. Akauliza mara ngapi. Nikamwambia kila nitakaposimama. Omar ni kijana mwema, haulizi mara ya tatu.

Mvua ilikuwa imeacha uwanja matope. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande wa pili, watoto chini mbele juu ya majamvi. Faki alikuwa kwenye viti vya mbele pamoja na wakubwa wa mtaa. Alikuja kwa sababu asingekuja, wangeuliza kwa nini.

Nikaanza. Mwanamke anaamka, anajifunga kanga, anaokota pakacha, anaelekea mlangoni. Omar akaja akaninong'oneza. Nikaachia vidole. Kidevu. Mkono ukatafuta ukuta usiokuwepo. Magoti yakaingia matopeni. Nikanyoosha miguu, nikavuta kanga. Halafu nikasahau, nikauacha usahaulifu uanzie nyayoni, upande polepole kama tulivyofundishwa, mpaka usoni pakawa hapana kitu. Nikaamka. Nikajifunga kanga. Nikaokota pakacha.

Mara ya pili watoto walicheka. Mara ya tatu wakubwa nao wakacheka, maana kibibi kinachoanguka matopeni kinachekesha, siwalaumu. Hapana, nawalaumu. Nilikuwa chini pale na tope mdomoni nikawalaumu mmoja mmoja. Nikaamka tena.

Kicheko kilianza kufa upande wa wanawake. Nadhani ni ile kanga. Kila mwanamke aliyekuwepo anajua kanga ikivutwa vile maana yake nini. Nikasikia mmoja akimwambia mwenziwe, "Kizuka huyo," yaani mjane aliye edani. Mnong'ono ukapita kwenye safu yao yote. Wanaume bado walikuwa wakicheka. Nikaanguka, nikasahau, nikaamka, na hapo bibi mmoja mtu mzima, simjui, amekaa kwenye kigoda alichokuja nacho mwenyewe, akapaza sauti:

"Jamani, mumewe huyu hufa mara ngapi?"

Hata wanaume wakaacha kucheka. Nikaelekea mlangoni. Omar akaja na mdomo wake tayari, na bibi yule akainuka kabisa kwenye kigoda.

"Weye! Nshakuona! Mwache ntu wa watu atoke!"

Wengine wakadakia. Mwache atoke. Mwache atoke. Hawakuwa wakiimba wala kupiga makofi, walikuwa wakigomba, wanawake wa Kengeja wanamgombeza Omar kana kwamba ni mwizi wa kuku. Maskini Omar akarudi nyuma. Njiani tukirudi aliniambia kwamba muda wote ule alikuwa akininong'oneza majina ya vijiji vya njia ya kwenda Mkoani.

Nikatoka. Nilipita mlango usiokuwepo, nikapita baina ya watu na pakacha langu, tope linanidondoka, wanawake wakanipisha njia. Sikumtazama Faki. Nilitaka sana, lakini tulifundishwa kwamba ukimchezea mtu mmoja umewaibia wengine wote.

Alinifuata bombani nikiosha miguu.

"Umenivua nguo mbele ya watu."

Nikamwambia hakuna aliyejua, hata wale waliokaa naye hawakujua, wamempongeza kwa kuwa na dada hodari, niliwasikia.

"Mie nimejijua," akasema.

Nikamhurumia. Tumezaliwa tumbo moja, na ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda chuo cha Kurani nilipokuwa mdogo nikiogopa mbwa. Nilikuwa tayari kumshika mkono, Mungu shahidi wangu. Akasema:

"Basi mchukue weye. Mchukue, uone."

Kama anagawa mbuzi. Akapandisha kanzu isiguse tope, akaenda zake.

Nimemchukua. Zuhura alizifunga nguo za mama ndani ya kanga, akazifunga tena upya ingawa zilikuwa zimefungwa vizuri, akalia. Ndani ya gari mama alikaa dirishani akitaja kila alichokiona. Mgomba. Ng'ombe. Skuli. Karafuu hizo zitanyewa na mvua, zianueni! Wenzangu wakawa wanamwitikia, ndiyo bi, kweli bi. Hakuna aliyemwambia habari yoyote.

Sasa yuko hapa. Nyumba yangu ina vyumba viwili, na mlango unaangalia barabara. Jumatatu watoto wa chekechea wananingoja, na sijui mama nitamwacha na nani. Sijui akitoka nitajuaje. Faki hakusema uongo kuhusu Mtambile, na hilo linaniudhi kuliko mengine yote. Ana sababu. Nimechoka na watu wenye sababu. Angekuwa mkatili tu ningemlaani nikalala, lakini ni mtu aliyechoka, aliyeaibika, na akaona pa kupumulia ni kwenye machozi ya mama yake. Bado sijamsamehe. Nimeandika haya ili hata nikimsamehe, yabaki.

Baada ya Magharibi nilipika wali kwa samaki wa kukaanga. Mama alikula vizuri, akanawa, akasimama, akautazama mlango.

"Baba yako yuwapi?"

Jibu la kweli lilikuwa ulimini, na lilikuwa lile lile la Faki, neno kwa neno. Nilikuwa nimeshinda kutwa nzima nikimtukana kwa jibu hilo.

"Katoka, mama."

"Haya, mwekee chakula. Akirudi asikute sufuria tupu."

Nikamwekea. Akaja kuikagua sahani, hakuridhika, akaongeza kipande cha samaki, kile kikubwa nilichokuwa nimemwekea yeye cha kesho. Akaifunika kwa kawa, akaenda kulala bila kulia.

Nimekaa nikijiuliza uongo wangu una ubora gani kuliko ukweli wa kaka, na sijapata jibu la kumpelekea shehe. Leo nzima nimejiona mimi ndiye mwenye haki, na kumbe kati yetu wawili mwongo ni mimi. Ninachojua ni kwamba wake ulimkalisha chini, na baada ya wangu mama alibaki amesimama jikoni, anachagua samaki. Kwa leo hilo linanitosha, na asiyetosheka nalo aje Tibirinzi, aulizwe yeye swali lile, kisha ajibu.

Kukicha atakwenda moja kwa moja kuifunua ile sahani, namjua. Akiikuta imejaa atauliza, na mara ya pili sitakuwa na la kusema.

Kwa hiyo nimeifunua mimi. Sina njaa hata kidogo. Nimekula wali wote, nimekula na kile kipande kikubwa, na miiba nimeipanga ukingoni mwa sahani, upande wa kushoto, kama alivyokuwa akiipanga baba.